Hedifoni za Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye karakana yenye vyerehani ishirini. Nyuma ya ukuta walikuwepo mafundi wa kuchomelea vyuma. Kelele zilianza asubuhi na kuisha jioni.

Siku moja alinunua hedifoni kwa mchuuzi. Boksi liliandikwa: "Huzuia kelele." Hazikuzuia kitu. Basi akaongeza sauti ya muziki mpaka mwisho, ili imeze kelele za nje. Alizivaa kazini, alizivaa jikoni. Masikio yakaanza kulia kama mbu. Akasema ni uchovu tu.

Baba yake aliishi naye. Siku moja walisafiri kwa basi kwa muda wa saa sita, mzee akapimwe macho. Injini ilinguruma chini ya viti vyao. Mama Pacha akavaa hedifoni. Mzee akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, mara akicheka, mara akifuta macho.

"Enhe, baba," alijibu Mama Pacha kila midomo ya mzee iliposimama. Hakusikia hata neno moja.

Wiki mbili baadaye mzee akapata kiharusi. Hakufa, lakini ulimi ukawa mzito.

Dada mkubwa alikuja kumwona mgonjwa. "Baba aliniambia kwa simu kwamba kwenye basi alikusimulia habari za mama," alisema. "Mimi hajawahi kunisimulia. Alisema nini?"

Mama yao alifariki wakati Mama Pacha bado ananyonya.

"Sijui, dada. Nilikuwa nimeziba masikio."

Dada hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Jioni ile akaja jirani, nesi wa kliniki ya masikio. "Nimebisha hodi mpaka koo limekauka!" alisema. "Kesho uje nikupime."

Vipimo vilionyesha kwamba usikivu wake umepungua.

"Utarudi?" aliuliza Mama Pacha.

"Uliopotea haurudi, shoga yangu. Tulinde uliobaki. Kosa si kuvaa hedifoni. Kosa ni kupigana na kelele kwa kelele nyingine."

"Boksi lilisema zinazuia!"

"Boksi halina aibu. Hedifoni za kweli zina vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza mngurumo wa nje, kisha zinatengeneza sauti ya kuupinga. Zinapunguza sana mngurumo usiobadilika, kama wa injini au feni. Sauti za watu bado utazisikia kidogo."

"Si za matajiri hizo?"

"Zipo za bei ya kawaida. Usilipie jina. Zijaribu kabla ya kulipa."

Jumamosi walikwenda dukani pamoja. Nesi alimwomba muuzaji awashe feni.

"Vaa, usiweke muziki," alimwambia Mama Pacha. "Sasa bonyeza kitufe cha kupunguza kelele."

Za kwanza hazikubadilisha kitu. Za pili zilififisha feni, lakini zilibana kichwa. Za tatu zilikaa vizuri, na feni ikawa kama iko chumba cha mbali. Nesi akauliza kama chaji inatosha safari nzima, kama zinatumika kwa waya chaji ikiisha, na kama zina dhamana.

"Maana zikifa wiki ijayo, tutakuja kukusumbua wewe," alimwambia muuzaji. Wakacheka, Mama Pacha akalipa.

"Sauti isipite nusu," nesi aliongeza. "Karibu na mafundi wa vyuma, vaa vizibo vya masikio, hedifoni hazitoshi. Barabarani, zivue. Na mtu akikusemesha, zivue."

Mama Pacha alifuata yote. Miezi ikapita. Mlio masikioni ulipungua, ingawa haukuisha. Watoto wake wakaacha kumvuta nguo ili awasikie.

Kisha wakasafiri tena, mzee akirudi kliniki ya macho. Mngurumo wa basi ulimchosha, kwa hiyo Mama Pacha akamvisha yeye hedifoni zile mpya, bila muziki. Mzee akatulia, akalala kidogo. Alipoamka, akazivua mwenyewe.

"Mama... yako," alisema.

Mama Pacha akasogeza sikio lake karibu na mdomo wa baba yake. Alisubiri. Kituo kimoja kikapita, cha pili kikapita. Midomo ya mzee ilihangaika.

"Mcheshi," alisema mwishowe, akatabasamu upande mmoja wa uso.

"Nimesikia, baba," alisema Mama Pacha huku machozi yakimtoka. "Mama alikuwa mcheshi."

Mengine yote mzee alikuwa ameshayasema safari ile ya kwanza.