Wadudu Waliozama Kwenye Beseni

Kila asubuhi Chiriku, binti wa darasa la sita aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema, alifua soksi zake katika beseni kabla ya kwenda shule. Siku hiyo alifua mbiombio. Mwalimu wa sayansi alikuwa amemtaka awaonyeshe wenzake jinsi wadudu wanavyotembea juu ya maji. Chiriku alikuwa amewanasa watano kijitoni, wenye miguu mirefu myembamba, akawatia kwenye kopo. Alimwaga maji ya kufulia, akachukua beseni lilelile, akaondoka na rafiki yake anayekaa naye dawati moja.

Shuleni alijaza beseni maji ya bomba. Darasa zima likamzunguka.

"Tazameni! Hawa hawaogelei, wanatembea kama wako sakafuni!"

Akawamimina. Wadudu wakatapatapa, miguu ikazama, wakaanza kwenda chini.

"Wanatembea au wanaoga?" mmoja akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Uso ukimwaka, Chiriku akamgeukia rafiki yake. "Ni wewe! Umewaumiza njiani. Unanionea wivu!"

"Mimi? Kopo lako sikuligusa! Haya, tafuta mwingine wa kukaa naye." Akaanza kukusanya vitabu vyake.

Mwalimu aliwaopoa wadudu upesi, akawaweka juu ya karatasi wakauke. Kisha akatia vidole majini, akavisugua. "Mbona maji yanateleza? Beseni hili lilikuwa na nini?"

Chiriku akalitazama beseni. Angesema hajui, nani angembishia? Lakini rafiki yake alikwisha kusimama na vitabu mkononi.

"Nilifulia soksi, mwalimu. Sikulisuuza. Kosa ni langu, si lake. Nisamehe, rafiki yangu."

"Suuza kwanza," rafiki yake akajibu, bado amenuna. Lakini aliweka vitabu chini, akashika upande wa pili wa beseni.

Walisuuza mara tatu. Mdudu mmoja alikuwa amekufa. Wanne waliobaki walipowekwa kwenye maji safi, walisimama wima, maji yakibonyea kidogo chini ya kila mguu. Kisha wakateleza, haoo!

"Uso wa maji safi hujivuta kama ngozi," mwalimu alieleza, "na miguu yao ina vinyweleo visivyolowa. Sabuni huilegeza ngozi hiyo. Nawe Chiriku, kazi ikiharibika, kagua kwanza ulichofanya wewe kabla ya kumnyooshea mwenzako kidole. Leo umekosea, ukasema kweli mbele ya wote. Ndiyo maana kesho nitakupa kazi nyingine."

"Sogea basi," rafiki yake akamsukuma kwa bega. "Nami nione."