Safari ya Mwisho ya Nahodha

Nazikumbuka kwa hamu siku ambazo baba alirudi kutoka baharini. Alikuwa nahodha wa meli ya mizigo. Miaka ishirini na miwili hakuchelewa bandarini hata mara moja, nasi watoto tulitamba mtaa mzima.

Karibu na safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu, ilikuja barua. Iliomba meli zipunguze mwendo sehemu moja ya njia yake, ili zisigonge nyangumi wa buluu.

"Nichelewe safari ya mwisho kwa ajili ya samaki?" baba alifoka mezani. "Nitapiga honi, watapisha."

Jirani yetu, mtafiti wa wanyama wa bahari, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Alicheka mpaka akaketi.

"Nahodha, yule si samaki. Anavuta hewa kama wewe, anazaa na kunyonyesha. Ni mkubwa kuliko mnyama yeyote aliyewahi kuishi, lakini chakula chake ni viumbe vidogo kama uduvi."

"Mkubwa hivyo aogope nini?"

"Ndiyo shida. Hajui kukwepa meli. Huzama polepole tu, na honi haimsaidii. Zamani wawindaji nusura wawamalize. Sasa kuwawinda ni marufuku, lakini jike huzaa mtoto mmoja tu kila miaka miwili au mitatu. Ukimuua mama, mtoto anayenyonya hufa naye. Meli ikienda maili kumi za baharini kwa saa, hatari hupungua sana."

Mama akamtazama baba. "Mimi nimekusubiri miaka yote hii, baba watoto. Saa chache za kuchelewa zitanishinda?"

Baba alipofika sehemu ile, alipunguza mwendo. Alasiri jike na mtoto wake walivuka mbele ya meli, karibu kabisa. Msaidizi wake akawapiga picha, ambayo baadaye baba alimpa jirani.

Alirudi amechelewa, akaketi bila kuvua viatu. "Ningekuja na mwendo wangu wa kila siku..." Hakumaliza. Kwa mara ya kwanza tulimwona akilia. Baadaye aliwashawishi manahodha wenzake, nao wakaanza kupunguza mwendo.

Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Bado namkumbuka sana. Juzi jirani alituletea picha mpya. Watafiti humtambua kila nyangumi kwa madoa ya ngozi yake, na yule mtoto wamemwona tena. Sasa ni jike kubwa, na ubavuni pake anaogelea mtoto.

Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akicheka huku machozi yakimtoka.

"Kumbe mzee kaniachia wajukuu baharini!"