Pole Iliyotoka Ndani ya Trela

Godoro jipya lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, kama mtu aliyelalia ubavu ndiyo kwanza ameinuka. Fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, akalipapasa. Lilikuwa na joto, na kufuli la trela alilifungua mwenyewe dakika ile ile.

Lilikuwa trela dogo kuukuu la kuvutwa na gari, lile ambalo ukilifungua, paa linapanda na turubai linatoka pande mbili kama mbawa. Alilipata kwenye uwanja wa vyuma chakavu, na kwa miezi miwili alilitengeneza kwa ustadi wake wote. Alishusha kitanda ili mkewe asiumize magoti, akakata sponji nene, akashona nyavu mpya madirishani, akaweka rafu ya dawa na meza ya kukunja ukutani. Mkewe alikuwa na kifua kibovu, na daktari alishauri hewa kavu ya vilimani. Lakini kabla hata ya ugonjwa, mama wa watu alikuwa ameomba kwa miaka kumi na mmoja apelekwe mahali akapumzike. Kila mwaka jibu lilikuwa mwakani.

"Ulikuwa umelala kwenye trela?" Sponji alimuuliza.

"Nilale huko na kifua hiki? Na wewe acha kuchoma udi mle ndani. Nimepita asubuhi nikikohoa, ukaniambia pole, lakini ile harufu ilinikaba."

"Asubuhi nilikuwa dukani nanunua uzi."

Mkewe aliacha kukunja nguo. "Basi nani aliniambia pole?"

"Dawa hizo zina mambo yake," akasema Sponji. Asingekubali miezi miwili ya kazi ishindwe na harufu.

Wakaenda. Alasiri ya kwanza kilimani alimwacha mkewe amejilaza ndani ya trela, akashuka chemchemini na ndoo. Aliporudi alisikia wanawake wawili wakizungumza ndani ya hema la trela, mmoja akikohoa, mwingine akimbembeleza kwa sauti laini, "Pole, dada. Sogea kidogo. Nipishe," kisha kikohozi kikakatika katikati, kama uzi uliokatwa kwa mkasi.

Zipu ikafunguka taratibu kutoka ndani. Mkewe akatoka, amenyooka, mashavu yanang'aa.

"Mume wangu, umechoka. Lete ndoo nikupokee."

Alikuwa na miaka miwili hajainua ndoo. Akalikunja hema mwenyewe, akalifunga, akasema amepona, warudi nyumbani.

Nyumbani alipika, akacheka vichekesho vya Sponji vilivyochacha, akasifu mishono ya makochi ambayo hakuna aliyewahi kuisifu. Hakukohoa hata mara moja. Alinukia udi tu, ilhali hakuchoma udi.

Siku ya tatu, jua la saa sita likiwa utosini, Sponji alipita uani karibu na trela lililokunjwa na kufungwa, akasikia ndani yake kikohozi kidogo kikavu, mara tatu mfululizo, kikafuatiwa na ule mguno wa "ewe Mola" ambao mkewe humalizia nao siku zote, na mkono ukaingia mfukoni ukaushika ufunguo, na akasimama pale jasho likimtiririka mgongoni, akikijua kikohozi kile kama mzazi ajuavyo kilio cha mwanawe.

"Mume wangu, chai tayari," sauti ikaita jikoni.

Akaenda kunywa chai.

Siku ya tisa kikohozi kilikuwa hafifu, kinakuja kwa kukatika, na hapo ndipo hofu ya kuitwa muuaji ilipoishinda raha. Akamleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani aliyefanyia kazi nyuma ya duka la nguo.

"Unamsikia tangu lini?"

"Tangu jana."

Mganga alimtazama juu ya miwani. Akasoma dua, akanyunyiza maji kuzunguka trela. Yule wa jikoni akatokea mlangoni, chujio la chai mkononi.

"Aliomba miaka kumi na mmoja," akamwambia Sponji kwa upole. "Mimi sikukuomba kitu. Nilikuta kitanda kizuri hakina mwenyewe. Na wewe ulijua."

"Fungua," mganga akaamuru.

Ufunguo ulimponyoka Sponji mara mbili. Kufuli lilipoachia, turubai lilivimba lenyewe bila upepo, udi ukamwagika uani kama moshi wa nyumba inayoungua, na kule mlangoni mwa jikoni yule mwanamke akaanguka magotini, akaanza kukohoa, akamalizia kwa mguno wa "ewe Mola".

Trela wakalichoma siku ile ile. Jioni Sponji alikaa kando ya kitanda na kikombe cha maji ya moto.

"Ningejua mapema..." akaanza.

"Nilisikia hatua zako," mkewe akasema. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Kila siku zilikuja hadi mlangoni, zikasimama, zikarudi. Zile za siku ya tatu zilikaa sana. Nikasema, ananifungulia."

Sponji akamsogezea kikombe cha maji.

Mkewe aliishi miaka miwili zaidi. Walikula pamoja, walizungumza habari za nyumba, hakumrushia lawama hata siku moja. Ila kikohozi kilipomshika alitoka nje, akamfungia mume wake mlango, akakohoa peke yake hadi kiishe.