Kiapo cha Mlinzi Metwalli

Kufuli la kabati lilikuwa limevunjwa, na chupa za vidonge hazikuwapo. Inspekta Galal alilikodolea macho kama mtu aliyenyang'anywa Ijumaa yake ya mapumziko.

"Ni dawa ya majaribio, ya homa ya ini aina ya C," alisema Dakta Nermin. "Chupa nyingine zina dawa, nyingine vidonge vya unga mtupu."

"Zipi ni zipi?"

"Hata mimi sijui. Mgonjwa hatakiwi kujua, wala daktari."

"Basi mwizi kaiba asichokijua, na mimi natafuta nisichokijua!"

Alama za vidole zilikuwa za kliniki nzima. Wauguzi walihojiwa, wakalia tu. Mkuu wa Galal akapiga simu kumkaripia. Kufikia adhuhuri Galal alikuwa anakamua jiwe.

Mlinzi, mzee Metwalli, akamletea chai.

"Sitaki, Ami."

"Talaka inipate usipokunywa, Afande!"

"Mkeo aachike kwa chai?"

"Aachike! Kunywa!"

Galal akanywa. Wanaume wa hapa huapia talaka. Metwalli aliapia hata utamu wa tikiti maji. Ghafla Galal akaweka glasi chini.

"Ami, apa. Talaka ikupate kama ulivunja kabati."

Metwalli akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Wallahi, sikuvunja."

"Nimesema talaka."

Mzee akainama. "Mungu husamehe, Afande. Talaka ikishatoka, imetoka."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Mke wangu Hekmat aliomba aingizwe kwenye majaribio. Wakampima, wakasema ini limeharibika mno, hafai. Hafai! Wanataka mgonjwa mzima? Utotoni tulipanga foleni moja ya sindano za kichocho, tukachomwa sindano ile ile. Yeye akaambukizwa homa hii ya ini, mimi nikasalimika. Nikae nimtazame akifa? Asubuhi hii nimempa kidonge cha kwanza."

"Kwa ini lile, dawa hiyo ingeweza kumuua!" Dakta Nermin alipaza sauti kutoka mlangoni. "Aletwe sasa hivi!"

Galal alimfunga mzee pingu bila raha yoyote. Metwalli akamgeukia daktari.

"Binti yangu, niambie basi. Amekunywa dawa au unga?"

"Sijui, Ami. Wallahi sijui."

Mzee akamtazama Inspekta.

"Afande, huyu naye mwapishe talaka."