Jeton ya Tata Mbayo

Jua ilikuwa inashuka wakati nilipelekea Stany bukari na sombe. Stany njo mujukuu wangu, ananiita kambo; ni mulinzi wa ile musée kidogo ya bintu ya kale, mu nyumba ya mataa ya mine ya zamani ya shaba: makofia ya chuma, maganda ya masasi ya vita, mapicha ya bazungu banacheka, na sijui banacheka nini. Lakini sikwenda juu ya chakula. Juma yote mutoto alikuwa anakohoa vumbi nyeusi, na asubuhi miguu yake inajaa matope. Na analala ndani, mulango umefungwa! Pasta alisema malaria. Malaria gani inapaka mutu matope?

Nilimukuta pa kiti, anapumua kama mufuko ya plastiki mu upepo.

"Kambo, umeniletea nyama?"

"Nyama ya nani? Kula sombe, nyamaza."

Kuran ya umeme ilikuwa imekatika. Niliwasha telefone, na kamwanga kake kakaanguka pa libao ya majeton, ile ubao ya misumari ya kutundikia bipande ya chuma ya bachimbaji.

Kila mutu wa kambi ya mine anajua ile libao. Mutu akishuka mu shimo, anaacha jeton yake pa musumari, anapewa taa. Akipanda, anarudisha taa, anakamata jeton. Jeton ikiwa inaning'inia, mwenyewe eko chini. Basi. Siku masasi ya vita ilianza, bote balipanda, kasoro tata Mbayo, bwana ya jirani wangu Fidélie. Hakuna mwenye alimuona tena. Jeton yake ilibakia pa musumari, na hakuna mwenye aliigusa.

Sasa pa ule musumari palikuwa karte ya kazi ya Stany, na sura yake inacheka.

"Stany. Nani aliweka hii?"

"Ni mi, kambo. Mwanzo ya juma nilikuwa ninasafisha, nikaogopa karte itapotea. Ile kachuma ya kutu iko mu tiroir, droo ya meza."

"Mujinga wewe! Umejishusha chini pa nafasi yake!"

Pale harufu ikakuya...

Karbire. Ile dawa ya mataa ya zamani, inanuka kama bitunguu saumu yenye kuoza. Taa ya vile haiko tena Kolwezi yote.

Halafu biatu. Tchap... tchap... Biatu yenye kujaa maji.

Mutu akasimama pa dirisha, pale kwenye balikuwa banagawa mataa. Sura sikuiona. Taa yake ilimulika mikono tu, nyeusi mupaka biwiko.

"Jeton yangu, mama," akanong'ona. "Nimepanda."

Stany akaacha kukohoa.

Akaacha kupumua.

Nikavuta tiroir. Jeton ilikuwa baridi ya kuuma. Nikang'oa karte pa musumari, na mutoto akavuta pumzi. Yule mutu akanyoosha kiganja.

Kumupa? Angeenda kwake. Kwa Fidélie, mulango mbele ya wangu, na matope yake, na yote yenye alikula kule chini tangu vita. Mi siko mama ya kila mutu.

Nikatundika jeton pa musumari.

"Uko chini bado, tata Mbayo. Rudia kule chini."

Akasimama tu... Halafu akalia, sauti ndogo, kama mutoto mwenye kunyimwa kitu. Na biatu ikashuka ngazi, polepole, mbali sana.

Ile nyumba haina ngazi.

Stany hakohoe tena. Lakini asubuhi yake Fidélie aliniita pa lupango ya nyumba yake, fagio mukononi, macho inang'aa kama ya bibi arusi.

"Jirani, juma yote, kila jioni, nilisikia karbire ku njia. Harufu ya bwana yangu! Kila siku inasogea karibu. Jana nikapika bukari ya batu wawili..."

"Na?"

"Harufu haikufika."

"Ni batu banaunguza matairi," nikamujibu. "Kula bukari yako."

Sijute. Lakini kila jioni ninaenda kuangalia ule musumari. Jeton iko.

Na kila jioni ninaikuta na alama mupya ya kidole ya matope, ya mutu mwenye kujaribu kuing'oa.