Gutiere ya Domitille

Kila asubuhi Domitille alifagia uwanja, akapiga mswaki, kisha akafungua mdomo mbele ya kioo. Jino lake moja la nyuma lilioza akiwa na miaka tisa, likang'olewa na kuacha pengo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Dokta Adèle, daktari wa meno, alikuwa akisogeza mbele gego lililofuata ili lizibe pengo hilo. Alimpa gutiere kadhaa, yaani vifuniko vyembamba vya plastiki angavu vya kuvaa juu ya meno, kila kimoja kwa majuma mawili.

"Gutiere? Kama ile ya nyumba, ya kukinga maji ya paa?" Davy alimtania darasani. "Basi mvua ikinyesha, siye tutaleta ndoo!"

"Leta pipa," Domitille akamjibu. "Kinywa yangu iko kubwa."

Gutiere mbili za kwanza ziliingia. Ya tatu ilikataa kushika gego, na ya nne ikamwumiza. Domitille aliogopa. Dokta Adèle alikuja Bunia kila baada ya miezi miwili tu, kwa ndege, maana barabara haikuaminika. Naye alikuwa amesema wazi: "Gego ikikataa kutembea, tutaacha kazi." Kwa hiyo baba yake, Papa Ambroise, kila alipouliza habari za meno, Domitille alijibu, "Iko muzuri, Papa."

Siku moja kabla ya dokta kufika, walikuwa wakila sombe, yaani kisamvu. Papa Ambroise akamtazama.

"Mama yangu, mbona unatafuna upande moja?"

Machozi yakamtoka Domitille. "Papa, nilikudanganya. Gutiere inakataa tangu mwezi moja."

"Lakini unaivaa?"

"Kila siku! Nikitoka masomo, ninaivaa mpaka vingt-deux heures, vile Dokta aliandika."

Papa Ambroise akaichukua karatasi ya Dokta. Kweli, iliandikwa "22 h", kama vile watu wa Bunia wanavyoandika saa nne ya usiku.

"Kesho utamwambia Dokta yote," alisema. "Mimi nitakaa pembeni yako."

Dokta Adèle aliposikia, alicheka mpaka akavua miwani. "Hapana, mutoto wangu! Nilitaka masaa makumi mbili na mbili, muchana na usiku. Unaitoa tu kwa kula na kupiga mswaki."

"Hata nikilala?"

"Zaidi ukilala! Kosa iko yangu pia, niliandika kifupi sana." Akapima gego, akatikisa kichwa. "Ungenyamaza leo, ningezani gego ndiyo inakataa, na ningeacha kazi. Sasa tutarudia gutiere ya pili."

Mwaka uliofuata, Dokta Adèle alipitisha uzi kati ya gego na jino la mbele yake. Ukapita kwa shida, maana meno yalikuwa yamegusana. Pengo lilikuwa limekwisha.

Nje ya mlango, Papa Ambroise alimshika bintiye begani. "Kukosa kuelewa si haya, mama. Uliza. Dokta anatunza kile unamuonyesha. Kile unamuficha, nani atakitunza?"