Mdundo wa Kuaga

Miguu ya Sateshwari ndiyo iliyoanza. Binti amelala fofofo, jua limeshapanda juu ya misonobari, lakini nyayo zake zinagonga kitanda kwa mdundo, na chumba kizima kinanukia maua ya mlimani, katikati ya msimu wa theluji.

Mangsiru, mpiga ngoma wa kijiji, alipopata habari aliutambua mara moja. Mdundo huo aliupiga yeye, jana yake, uani kwa Thakur Gajesingh, bwana wa tabaka la juu, baba wa binti, na Sateshwari alikuwa miongoni mwa waliocheza. Ngoma ile huwaita majini wa kike wa mlimani wawapande wachezaji. Wakishacheza, mpiga ngoma hupiga mdundo wa kuaga, huwapaka wachezaji jivu kwenye paji la uso, na majini hurudi kwao. Lakini jana kulikuwa na mgeni mkubwa kutoka mjini. "Inatosha, we Mangsiru, chakula kinapoa," Thakur alisema kabla mdundo wa kuaga haujapigwa. Na Mangsiru, mjinga wa watu, akatii. Watu wa tabaka lake hufundishwa kutii kabla ya kutembea.

Sasa alikimbia hadi mlangoni kwa Thakur.

"Thakur, niruhusu niingie. Nimpake jivu tu, nitoke."

"Uingie wapi? Nani kwenu amewahi kuvuka kizingiti hiki? Pigia hapo hapo uani."

"Bila jivu haondoki."

"Nitampaka mimi."

"Lazima uwe mkono uliomwita, bwana wangu."

"Sema tu unataka kumgusa binti yangu."

Basi akapiga. Siku nne alipiga mdundo wa kuaga kwenye baridi ile, vidole vikachanika, na kila alipopumzika alisikia nyayo ndani zikiendelea, chap chap, chap chap, kama mtu anayekanyaga udongo uliolowa, na harufu ya maua ikazidi mpaka ng'ombe zizini wakagoma kula, na sauti isiyo ya binti ikamwita kwa jina, taratibu, ikimuuliza mbona alimkaribisha halafu akamtelekeza.

"Kaka Mangsiru," mama wa binti, Bhuri, alinong'ona dirishani. "Nyayo zimebaki nyama tupu. Ananifia mikononi."

Siku ya tano pakawa kimya. Mangsiru akaitwa kupiga ngoma ya msiba, maana hiyo nayo ni kazi yake.

Jeneza la mianzi lilikuwa uani. Alipogonga ngoma mara ya kwanza, chini ya sanda miguu ikaitikia.

"Mguse," Thakur alinong'ona, jasho likimtiririka. "Mguse upesi."

Paji la uso lilikuwa baridi. Akapaka jivu, miguu ikatulia, naye akalia kwa hasira bila kujificha. Kazi ya kufumba na kufumbua, na siku ya kwanza ingemwokoa. Sasa jini ametoka kwenye maiti, na njia ya kwao hajaonyeshwa, kwa kuwa ngoma iliyopigwa ni ya msiba, si ya kuaga.

Bangili zikalia upande wa wanawake. Bhuri alikuwa amesimama, macho yamemtoka, nyayo zake zikigonga mawe ya ua.

"Kaka," alisema, "fanya haraka."

Mangsiru akamwendea na jivu mkononi. Thakur akasimama katikati yao, mikono ameitanua.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Rudi kwenye ngoma yako."